Uzi maalumu: Jim Calhoun, kocha aliyemnoa Hasheem Thabeet na kuijenga Connecticut kutoka mkiani

#1 – Mleta mada

Ndugu wadau wa mpira wa kikapu, kila jina la Hasheem Thabeet linapotajwa, mjadala wetu hukimbilia NBA: alichaguliwa wa 2 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 2009, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden na Stephen Curry, kisha hakutamba. Miaka 3 iliyotangulia, ambayo ndiyo iliyomfikisha kwenye nafasi hiyo, huwa tunairuka, na mtu aliyeisimamia, yaani kocha Jim Calhoun wa Chuo Kikuu cha Connecticut, hatumzungumzii kabisa. Naleta uzi huu juu yake kwa sababu naamini kazi yake inaeleza vizuri zaidi kuliko takwimu za NBA ni kwa vipi kijana wa Dar es Salaam, aliyeanza kushika mpira wa kikapu akiwa tayari amebalehe, alihesabiwa kuwa mzuiaji hodari kuliko wote katika vyuo vya Marekani, na kwa nini ubora huo haukusafiri naye kwenda Memphis, timu ya NBA iliyomchagua.

Calhoun alizaliwa mwaka 1942 huko Braintree, mji ulio kusini ya Boston. Alipokuwa na umri wa miaka 15 baba yake alifariki ghafla kwa maradhi ya moyo, na mzigo wa kuisaidia familia ukamwangukia kijana huyo. Alikuwa amepata ufadhili wa kusoma na kucheza katika chuo cha Lowell, lakini aliuacha baada ya muda mfupi, akarudi nyumbani kutafuta riziki. Alikata mawe ya granite, akachonga majina ya marehemu kwenye mawe ya makaburi, akafanya kazi kwenye yadi ya vyuma chakavu na kwenye kiwanda cha shampuu, na kuna wakati alichimba makaburi. Aliporejea masomoni alikwenda American International College iliyoko Springfield, mji uleule ambamo James Naismith aliubuni mchezo huu mwaka 1891, na huko akawa nahodha wa timu. Wanaomlaumu kwa ukali wake, nami ni mmojawapo kwa baadhi ya mambo, wasisahau kwamba huyu hakuujua ukocha kwa kuzaliwa katika nyumba ya makocha.

Alianza kwa kufundisha timu za shule za sekondari, kisha mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 30, akapewa timu ya Chuo Kikuu cha Northeastern cha Boston. Alikaa hapo miaka 14. Chuo hicho hakikuwa na jina katika kikapu, na ni yeye aliyekivusha kutoka daraja la pili hadi la kwanza na kukiingiza mara 5 katika mashindano ya taifa ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani. Mchezaji wake bora wa kipindi hicho, Reggie Lewis, baadaye akawa nahodha wa Boston Celtics.

Mwezi Mei 1986 Connecticut ikamchukua. Hapa ndipo pa kutulia kidogo. Chuo hicho kiko Storrs, kijiji kilichozungukwa na mashamba, na kilianzishwa mwaka 1881 kama shule ya kilimo. Timu yake ilikuwa inacheza katika ligi ya Big East dhidi ya Georgetown, Syracuse, St. John's na Villanova, vyuo vilivyokuwa vikicheza fainali za taifa na kuvuta vijana bora wa miji mikubwa, na ilikuwa imezoea kumaliza msimu katika nafasi za chini. Kijana wa New York aliyekuwa anaweza kucheza Madison Square Garden kila wiki angekubali vipi kwenda kuishi mashambani? Msimu wa kwanza wa Calhoun ulimalizika kwa ushindi mara 9 na vipigo 19, baada ya wachezaji wawili muhimu, akiwemo Cliff Robinson, kuzuiwa katikati ya msimu kwa sababu ya maksi za darasani.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1988, walichukua kombe la NIT, mashindano ya wale waliokosa nafasi katika mashindano makubwa. Lakini msimu uliowageuza kabisa ni ule wa 1989–90, ambao wenyewe mpaka leo wanauita msimu wa ndoto: ushindi mara 31, vipigo 6, ubingwa wa Big East na ukumbi mpya uliofunguliwa Januari 1990. Katika mechi ya hatua ya timu 16 bora dhidi ya Clemson walikuwa nyuma kwa pointi 1, saa ya uwanjani ikibakiza sekunde 1. Scott Burrell, ambaye mkono wake ulikuwa mzuri kiasi cha kuchaguliwa na timu za besiboli za kulipwa, aliurusha mpira kutoka mstari wa nyuma wa upande mmoja hadi pembeni ya goli la upande wa pili. Tate George akaudaka, akageuka, akatupa, na mpira ukaingia. Siku mbili baadaye ikawa zamu yao kulia: Christian Laettner wa Duke aliwafunga kwa mtupo wa mwisho kabisa wa muda wa nyongeza, 79–78.

Baada ya hapo Calhoun alibandikwa sifa ya kocha anayefika mlangoni na kurudi. Mwaka 1995 alitolewa na UCLA na mwaka 1998 akatolewa na North Carolina, mara zote mbili akiwa amebakiza mchezo mmoja tu kuingia timu 4 bora. Tunaendelea na yaliyofuata.

#2 – Mleta mada (mwendelezo)

Mwaka 1999, katika fainali iliyochezwa St. Petersburg, Florida, mbele yake walisimama tena Duke, waliokuwa wamepoteza mchezo mmoja tu kati ya 38. Hakuna mchambuzi makini aliyewapa Connecticut nafasi kubwa. Watu hukumbuka pointi 27 za Richard Hamilton, na ni haki yake, ila mimi nawashauri muutazame tena mchezo ule mkimfuata Ricky Moore. Calhoun alimkabidhi Trajan Langdon, mtupaji hatari kuliko wote wa Duke, na akamwacha amgande mchezo mzima. Duke wakiwa nyuma kwa pointi 1 na sekunde chache zimesalia, Langdon alijaribu kumpita Moore, akazuiwa njia, akapiga hatua za ziada na mwamuzi akapuliza filimbi. Connecticut wakashinda 77–74. Huo ulikuwa ubingwa wa kwanza wa chuo hicho kwa wanaume.

Nauweka mbele mfano wa Moore kwa sababu unaonyesha falsafa nzima. Calhoun hakuwa fundi wa mifumo tata ya kushambulia. Timu zake ziliishi kwa kukaba, kuchukua ribaundi (mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa goli) na kukimbia. Wachezaji wa nje walimbana mwenye mpira mbali na goli, wakikubali kupitwa upande mmoja uliochaguliwa, kwa kuwa aliyepita alikuwa anakwenda kukutana na mtu mrefu aliyesimama chini ya goli. Bloku, yaani kuuzuia mtupo kwa mkono, ikipatikana, au hata mtupo ukiharibika kwa hofu ya bloku, mpira huokotwa na watu watatu wanakuwa tayari wanakimbia kwenda upande wa pili. Kwa misimu kadhaa mfululizo katika miaka ya 2000, Connecticut iliongoza nchi nzima kwa kuzuia mitupo.

Mtu mrefu wa kwanza kulikamilisha wazo hilo alikuwa Emeka Okafor, mtoto wa wazazi wa Kinigeria aliyezaliwa Houston, mwanafunzi aliyemaliza shahada ya fedha kwa miaka 3. Mwaka 2004, katika nusu fainali ya San Antonio, Okafor alikaa benchi sehemu kubwa ya kipindi cha kwanza kwa sababu ya faulo, Duke wakatangulia, kisha dakika za mwisho Connecticut wakafunga pointi 12 mfululizo na kushinda 79–78, matokeo yaleyale ya mwaka 1990 ila safari hii yamegeuka. Kwenye fainali waliifunga Georgia Tech 82–73, na kesho yake timu ya wanawake ya Geno Auriemma nayo ikatwaa ubingwa wake. Hakuna chuo kilichokuwa kimewahi kuchukua makombe yote mawili katika mwaka mmoja. Mwaka uliofuata Calhoun aliingizwa katika Jumba la Heshima la Naismith, kulekule Springfield alikosoma.

Okafor alipoondoka, nafasi ile chini ya goli ikahitaji mwenyewe. Mwaka 2006 akaja Thabeet, kutoka shule ya sekondari ya Houston, akiwa na urefu wa takribani mita 2.21.

#3 – Mchangiaji

Ndugu mleta mada, shukrani kwa uzi uliokwenda shule. Naomba nikuulize jambo moja: unaposema kocha ndiye aliyemfanya Thabeet aonekane bora, huoni kwamba unampunguzia kijana haki yake? Mtu wa urefu ule angezuia mitupo popote, hata angefundishwa na mimi hapa Temeke.

#4 – Mleta mada

Mkuu, hoja yako ina uzito, lakini wachezaji wa urefu wa kukaribia ule huwa wapo kila mwaka katika vyuo vya Marekani, na wengi wao humaliza masomo bila mtu kuwakumbuka. Tuangalie alichopitia Thabeet. Msimu wake wa kwanza alikuwa na wastani wa pointi 6 na ushee. Msimu wa tatu, 2008–09, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mchezo. Dhidi ya Providence, Januari 2009, alipata pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10 katika mchezo mmoja. Alitangazwa mlinzi bora wa Big East mara mbili, na mwaka 2009 akagawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi na DeJuan Blair wa Pittsburgh.

Nisemalo ni kwamba Calhoun alimpa kazi moja inayoeleweka na kuipanga timu nzima kuizunguka. Sheria za vyuo zilimruhusu. Katika NBA mlinzi haruhusiwi kukaa katika eneo la chini ya goli zaidi ya sekunde 3 bila kumkaba mtu kwa karibu. Katika vyuo sharti hilo kwa mlinzi halipo. Thabeet wa Connecticut aliweza kujikita pale kama mnara na kuwasubiri. Thabeet wa Memphis alilazimika kutoka nje, kufuata watu wepesi mbali na goli, kurudi, kutoka tena, na huko ndiko miguu yake na upya wake katika mchezo ulikoonekana. Mtu akiyaelewa hayo, hatashangaa tena kwamba alishushwa hadi ligi ndogo Februari 2010, katikati ya msimu wake wa kwanza.

#5 – Mchangiaji

Umemtaja Blair halafu ukampita kimyakimya. Wengine tunaikumbuka Februari 16, 2009. Connecticut walikuwa namba 1 nchini, Pittsburgh wakaja kwao na kushinda 76–68. Blair, mtu aliyekuwa mfupi kwa Thabeet kwa zaidi ya sentimita 15, alichukua ribaundi 23 na pointi 22, na katika kugombea mpira mmoja walikamatana mikono, akamrusha Thabeet juu ya bega lake hadi chini. Thabeet alimaliza na pointi 5. Kama mfumo wa kocha ulikuwa mzuri kiasi hicho, ulikuwa wapi usiku ule? Ninavyoona mimi, udhaifu wa mwili wa kijana ulionekana tangu chuoni, na waliomchagua wa 2 walijifumba macho.

#6 – Mleta mada

Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, na mechi ile ni ushahidi wa mipaka ya mfumo. Ulinzi wa Calhoun ulimtegemea Thabeet dhidi ya mtu anayekuja kutoka nje na mpira. Blair hakuja kutoka nje. Alianza kusukumana mgongo kwa kifua kabla mtupo haujatupwa, na ribaundi hugombewa kwa makalio na mapaja kabla ya mikono. Katika mapambano ya namna hiyo urefu husaidia kidogo tu. Pittsburgh waliwafunga tena mwezi Machi katika mchezo wa marudiano.

Lakini tusiuhukumu msimu ule kwa Blair peke yake. Timu hiyo ilimpoteza Jerome Dyson kwa jeraha la goti mwezi Februari, na Calhoun mwenyewe alilazwa hospitalini siku ya mchezo wao wa kwanza wa mashindano ya taifa kwa kuishiwa maji mwilini, ikabidi msaidizi wake George Blaney aiongoze timu. Bado walifika timu 4 bora huko Detroit, wakafungwa na Michigan State 82–73, timu iliyokuwa inacheza karibu na nyumbani kwake. Mwaka mmoja nyuma kundi hilohilo lilikuwa limetolewa na San Diego katika mchezo wa kwanza.

#7 – Mchangiaji

Wadau, mtajadilije msimu wa 2009 bila ule mchezo wa Syracuse? Robo fainali ya Big East, Madison Square Garden, vipindi 6 vya nyongeza, 127–117. Ulianza usiku wa Machi 12 kwa saa za New York na kumalizika saa 7:22 usiku, ambayo kwetu ilikuwa saa 2:22 asubuhi. Nilikuwa nafuatilia matokeo kwenye simu tangu kabla ya adhana ya alfajiri, na abiria mwenzangu kwenye daladala alidhani simu yangu imeganda kwa jinsi muda wa nyongeza ulivyokuwa haukomi. Thabeet alipata pointi 19 na ribaundi 14 kabla ya kutolewa kwa faulo. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67. La kustaajabisha ni kwamba Syracuse hawakuongoza hata mara moja katika vipindi 5 vya mwanzo vya nyongeza, na ndio walioshinda.

#8 – Mchangiaji

Sifa zimekuwa nyingi, naomba tuweke na upande wa pili. Huyu ndiye kocha aliyeulizwa Februari 2009, jimbo likiwa na nakisi kubwa ya bajeti, kama haoni vibaya kulipwa zaidi ya dola milioni 1.5 kwa mwaka na chuo cha umma, akajibu kwa ukali kwamba hatarudisha hata senti. Gavana wa jimbo alimkosoa hadharani. Na habari ya adhabu za NCAA mbona mleta mada amekaa kimya?

#9 – Mleta mada

Sikukusudia kuzificha, nilikuwa nazifikia. Februari 2011 NCAA ilihitimisha uchunguzi wake kuhusu usajili wa mchezaji mmoja ambaye hatimaye hakuichezea Connecticut hata mechi moja. Ilibainika kwamba simu na ujumbe vilivuka kiwango kinachoruhusiwa, na kwamba mtu aliyewahi kuwa mhudumu wa timu, ambaye wakati huo alikuwa wakala, alimpa kijana huyo vitu visivyoruhusiwa. Chuo kikapunguziwa nafasi za ufadhili, na Calhoun akasimamishwa michezo 3 ya kwanza ya ligi ya msimu uliofuata kwa kushindwa kujenga mazingira ya kufuata kanuni. Kuhusu mshahara, sina utetezi. Swali lilikuwa halali hata kama aliyeuliza alikuja kwa shari.

Kwangu mimi doa kubwa zaidi ni la darasani. Alama za maendeleo ya masomo za wachezaji wake zilishuka kiasi kwamba timu ilizuiwa kushiriki mashindano ya taifa ya mwaka 2013, na waliolipa gharama hiyo ni vijana waliobaki, baadhi yao wakiwa hawakuhusika kabisa na alama zile. Ukiweka hilo kando ya Okafor na shahada yake ya miaka 3, utaona kwamba aliyekuja akiwa na bidii ya shule aliachwa aendelee nayo, na aliyekuja bila bidii hiyo hakusukumwa vya kutosha. Kocha aliyeacha chuo ili kulisha ndugu zake nilimtarajia awe mkali zaidi hapo kuliko kwenye ribaundi.

Ajabu ni kwamba adhabu ile ya Februari 2011 ilitangulia ubingwa wake wa tatu kwa wiki chache tu. Timu ilikuwa imemaliza ligi kwa ushindi mara 9 na vipigo 9. Wakaenda Madison Square Garden, wakashinda michezo 5 kwa siku 5, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika Big East. Katika mchezo wa tatu, matokeo yakiwa sare na muda unayoyoma, Kemba Walker alijikuta anakabwa na Gary McGhee, mtu mkubwa wa Pittsburgh. Akamwendea, akarudi nyuma ghafla, McGhee akateleza hadi akashika sakafu kwa mkono, na mtupo ukaingia kengele ikilia, 76–74. Kisha ikaja michezo 6 ya mashindano ya taifa, ya mwisho ikiwa fainali mbovu kuitazama dhidi ya Butler, 53–41, ambapo Butler waliingiza chini ya asilimia 19 ya mitupo yao. Calhoun alikuwa na umri wa miaka 68, mkubwa kuliko kocha yeyote aliyewahi kutwaa taji hilo hadi wakati huo, na wa 5 kufikisha mataji 3, baada ya Wooden, Rupp, Knight na Krzyzewski.

#10 – Mchangiaji

Alistaafu lini? Maana nakumbuka ubingwa wa 2014 nao ulikuwa wa Connecticut.

#11 – Mleta mada

Alistaafu Septemba 2012, akiwa na ushindi mara 873 katika vyuo viwili. Mwili ulikuwa umemchosha: alikuwa ameugua saratani zaidi ya mara moja, akafanyiwa upasuaji wa mgongo mwaka huohuo, na mwezi mmoja kabla ya kutangaza alivunjika nyonga kwa kuanguka kutoka kwenye baiskeli. Nafasi yake ilichukuliwa na Kevin Ollie, aliyekuwa mchezaji wake katika miaka ya 1990, na ndiye aliyeshinda 2014 akiwa na wachezaji ambao wengi wao walisajiliwa na Calhoun. Mataji ya 2023 na 2024 ni ya Dan Hurley, hayo ni mazungumzo mengine.

Hata hivyo hakukaa nyumbani. Mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 76, alirudi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Saint Joseph cha West Hartford, kilichokuwa cha wanawake kwa miongo mingi na kilikuwa ndiyo kwanza kinapokea wanaume. Ni daraja la tatu, ambako wachezaji hawapewi ufadhili wa michezo. Katika msimu wa pili walichukua ubingwa wa ligi yao, na mwezi Novemba 2021 akaachia ngazi.

Ndugu wa #5, nimeirudia hoja yako kuhusu waliomchagua Thabeet wa 2. Swali ninalobaki nalo, na ningependa wenye uzoefu wa kufundisha warefu walijibu, ni kama msimu wa nne chini ya Calhoun ungemfaa. Mfumo ule ungeendelea kumficha udhaifu wake wa kutoka nje, kwa hiyo sidhani kama angejifunza kitu hicho Storrs. Mwili ungeongezeka nguvu, hilo nakubali. Lakini nafasi ya 2 ingekuwa imeshapita, pamoja na fedha zake.